Merja auza mamia ya kayaki, agonga mwamba kwa mteja mmoja: mumewe

Ni saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, na Merja Tiilikainen ameshaingia majini mara nne kwa ajili ya watu ambao, kwa anavyowatazama, hawatanunua kitu.

Amesimama ziwani na mabuti yake marefu ya mpira, maji yakimfika magotini. Mkono mmoja umeshika pua ya kayaki ya watu wawili, kimtumbwi chembamba cha kupigia kasia. Mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa iliyopoa zamani. Ndani ya kayaki wamekaa kijana mmoja na mchumba wake waliotoka mji wa Kuopio, nao wanazungumza wote kwa pamoja.

“Tunataka ya matembezi ya siku moja,” anasema binti.

“Na ya kwenda kupiga kambi,” anadakia kijana. “Hema, chakula, kila kitu.”

“Na yeye anavua.”

“Navua kidogo tu.”

“Anavua kila siku, usimsikilize. Halafu iwe nyepesi, gari letu ni dogo. Isiyumbe, mimi naogopa maji. Lakini iwe na mbio.”

“Na kuna mbwa,” anamalizia kijana.

Merja anaimalizia kahawa yake baridi kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa.

“Mbwa ana kilo ngapi?”

“Thelathini na mbili.”

“Basi hamtafuti kayaki ya watu wawili, mwanangu. Mnatafuta feri.”

Binti anacheka. Kijana hacheki. Merja anaisukuma kayaki yao taratibu mpaka kwenye maji ya kina na kuwaamuru wapige kasia hadi kwenye boya jekundu na kurudi bila kugombana. Hawajafika nusu ya njia, sauti zao zinaanza kusikika ufukweni.

“Wewe piga kulia!”

“Napiga kulia!”

“Kulia kwangu!”

“Wote wamekaa wanatazama upande mmoja,” Merja anasema huku akitikisa kichwa. “Kulia kwa huyu na kulia kwa yule ni kulia kule kule. Miaka kumi na tisa nasikia maneno haya.”

Kwa miaka hiyo yote mama huyu wa miaka hamsini na saba amefanya kazi kwenye banda la kukodisha na kuuza kayaki, kando ya ziwa Haukivesi, nje kidogo ya mji mdogo wa Rantasalmi. Anazibeba, anazisugua, anaziba nyufa, anawafundisha watu kukaa, na anawaokoa wanaopinduka mita kumi kutoka nchi kavu na kupiga kelele kama wako katikati ya bahari. Msimu unaanza barafu inapoyeyuka mwezi Mei na kwisha mwezi Oktoba. Kwa miezi hiyo analipwa kama euro elfu mbili na mia moja kwa mwezi kabla ya kodi. Majira ya baridi anapika supu katika jiko la shule, nusu siku, kwa mshahara ambao hapendi kuutaja.

Mgongo wake umeharibika. Bega la kushoto halipandi juu ya sikio. Lakini ukimuuliza kinachomchosha, hatakwambia mgongo wala bega.

“Kinachonichosha ni watu kutaka kitu kimoja kifanye kazi tatu,” anasema. “Kayaki ya kupigia kambi inatakiwa iwe ndefu na nyembamba, iwe na vyumba vyenye vifuniko visivyopitisha maji, ikate mawimbi. Ya kuvulia inatakiwa iwe pana kama meza, wazi, uweze kujigeuza bila kuanguka. Ya matembezi inatakiwa mtu aipandishe juu ya gari peke yake bila kuvunjika kiuno. Sasa mtu anataka zote tatu, kwa bei ya baiskeli, na anataka nimwambie ipo.”

“Nawe unamwambiaje?” anaulizwa.

“Namwambia aniambie ataitumia lini kweli. Siyo ndotoni. Kweli. Mtu anasema atalala visiwani majira yote ya joto. Namuuliza, mwaka jana ulilala nje mara ngapi? Ananiambia hata mara moja, mvua ilinyesha. Basi chukua pana, fupi, ya mchana, ukavue na urudi kulala kwenu!”

Ana maswali yake matatu kwa kila mteja. Nani ataibeba kutoka kwenye gari mpaka majini? Mzigo una kilo ngapi, mkiwemo nyinyi wenyewe bila kudanganya? La tatu huliacha mwisho, kwa sababu ndilo linalovunja watu: nani atakaa nyuma?

Anayekaa nyuma ndiye anayekanyaga usukani kwa miguu. Ndiye anayeona mwenzake anafanya nini. Wa mbele haoni kitu ila maji.

Mwaka huu swali hilo nusura livunje nyumba yake mwenyewe.

Mume wa Merja anaitwa Veijo. Ana miaka sitini na mmoja, ni mtu mnene mwenye sauti nzito, na kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la magogo kwenye barabara za misituni. Siku za mapumziko alikuwa akitoweka ziwani na kayaki yake ya mtu mmoja, ya kijani, anarudi jioni na samaki aina ya kuha na uso uliotulia. Merja hakuwa akifuatana naye. “Mimi nashinda na kayaki siku sita kwa wiki,” anasema. “Ya saba nilikuwa nataka kuona kiti kisichoyumba.”

Mwezi Februari, mwaka juzi, Veijo alianguka jikoni. Hospitali walisema kuna mshipa mdogo uliziba kichwani, ukaacha kovu, na kovu limeleta kifafa. Akapewa vidonge vya asubuhi na jioni. Akaambiwa asiendeshe gari mpaka apite mwaka mzima bila kuanguka wala kupotewa na fahamu. Lori ndiyo asahau kabisa. Na majini asiende peke yake, hata siku moja.

Alianguka tena mara mbili. Mara ya mwisho ilikuwa Oktoba mwaka jana. Tangu hapo akawa anahesabu miezi kwenye kalenda ya mlango wa friji, akiweka alama kwa kalamu nyekundu.

Mwezi Mei mwaka huu barafu ilipoondoka, Veijo alianza kukaa dirishani. Hasemi. Anatazama tu ziwa.

“Mtu anayetazama vile utamfanyaje?” Merja anauliza. “Nikamwambia, haya bwana, tutanunua ya watu wawili. Mimi na wewe. Mchana tutatembea, utavua, na hali ya hewa ikiwa nzuri tutalala kisiwani. Kazi yangu ni hii, nitashindwaje kukupatia kayaki?”

Alishindwa wiki tano mfululizo.

Kila Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, alimleta Veijo bandani na kushusha kayaki moja majini. Ya kwanza ilikuwa pana, ya kukalia juu, ambayo wavuvi wengi huipenda. Veijo aliikalia dakika tano.

“Hii ni kitanda,” akasema.

“Si unataka kuvua? Haipinduki hii hata usimame ucheze.”

“Na hema nitaliweka wapi? Kichwani?”

Jumapili ya pili Merja akaleta ndefu, ya safari, yenye vyumba vitatu vya mizigo. Inakwenda kama kisu. Veijo akatupa ndoana mara moja tu, kayaki ikalala ubavu, wote wawili wakalowa mpaka shingoni. Maji ya Mei yalikuwa bado na meno ya barafu.

“Unataka kuniua?” akauliza Veijo.

“Sijaamua,” akajibu Merja.

Ya tatu ilikuwa ya kujaza upepo, inayokunjwa na kuingia kwenye buti la gari. Veijo aliiita godoro. Alisema hawezi kwenda kuvua juu ya godoro na ndoana mkononi, hilo ni la mtu aliyechoka kuishi. Merja anakiri hapo alikuwa na hoja.

Ya nne ndiyo iliyomtia Merja wazimu, kwa sababu ilikuwa sawa. Urefu karibu mita tano. Upana sentimita sabini na sita, kwa hiyo imetulia. Ina chumba cha mizigo mbele na kingine nyuma. Viti vinasogea, kiasi kwamba wa mbele ana nafasi ya kujigeuza na fimbo yake ya kuvulia. Kilo thelathini na saba, ambazo watu wawili wanaweza kuzipandisha juu ya keria ya gari bila kuita jirani. Si ya mashindano na si ya mawimbi makubwa, lakini wao si watu wa mashindano. Isitoshe ilikuwa imekodishwa msimu mmoja tu, na mwenye banda, Ilpo Sairanen, alikuwa tayari kuiachia kwa euro elfu moja na mia moja.

Veijo akaizunguka. Akaipiga makofi ubavuni. Akachungulia chini ya vifuniko. Akainuka.

“Rangi,” akasema.

“Rangi ina nini?”

“Haradali. Inafanana na alichotapika mtoto. Samaki watakimbia.”

Ilpo, ambaye alikuwa amesimama pale na funguo mkononi, anasimulia alichofanya Merja. Alichukua kasia, akalirusha ziwani kwa nguvu zake zote, akaenda kukaa ndani ya gari. Kasia lilielea mpaka kwenye matete. Ilpo ndiye aliyekwenda kulifuata.

“Nimemjua dada Merja tangu baba yangu yuko hai,” anasema Ilpo. “Amewavumilia walevi, amewavumilia mabwana harusi, amevumilia na watu wanaokuja na mbuzi. Sikuwahi kumwona akirusha kitu.”

Jumapili ya tano hawakushusha kayaki yoyote. Walikunywa kahawa kwenye ngazi za banda, wakarudi nyumbani.

Jumanne iliyofuata, mwezi Juni, saa nne asubuhi, Merja alikuwa anamweleza mwalimu mmoja mstaafu tofauti ya plastiki na faiba. Simu ikalia. Alikuwa Kyllikki, jirani yao, bibi wa miaka themanini na mbili ambaye hana kazi nyingine ila kutazama njia.

“Merja mwanangu, banda lenu la hapa nyumbani liko wazi,” akasema Kyllikki. “Na kuna alama za magurudumu ya kile kigari cha kayaki mpaka ziwani. Nikasema labda unajua.”

Merja hakujua. Alimwacha mwalimu na sentensi ikiwa nusu, akaingia katika boti ya injini ya Ilpo na kuondoka bila kuomba ruhusa.

Anasema safari ile ya dakika ishirini haikumbuki vizuri. Anakumbuka alikuwa anatafuta kitu cha kijani kilichopinduka. Kila jiwe lilikuwa kayaki. Kila bata alikuwa kichwa cha mtu.

Alimkuta nyuma ya kisiwa kidogo cha misonobari. Veijo alikuwa ameketi mzima ndani ya kayaki yake ya zamani, fimbo mkononi, kofia machoni, samaki mmoja mkubwa miguuni.

“Zima injini,” Veijo akasema kabla hajasalimiwa. “Unafukuza samaki.”

“Nilitaka kumpiga na kasia,” Merja anasema. “Andika hivyo hivyo, usipunguze.”

Akazima injini.

“Jaketi la kujiokolea liko wapi?”

“Nimelikalia. Kiti kinauma.”

“Umelikalia.”

“Merja, sijafa. Nitazame. Sijafa.”

“Ungekufa ningekutazama wapi? Ungekuwa chini huko na kofia yako!” Sauti ilirudi kutoka kwenye miamba ya ng'ambo. “Wiki tano, Veijo! Wiki tano nakubebea kayaki kwa bega hili bovu. Hii kitanda, hii godoro. Nimekuletea iliyo sawa, unaniambia rangi. Rangi ile ina nini hasa?”

Veijo alikuwa anakusanya mshipi wake taratibu.

“Haina kitu.”

“Basi kayaki ile ina nini?”

“Ina kiti cha mbele.”

Merja hakuelewa mara moja.

“Kila mara unaniweka mbele,” Veijo akasema. “Hata huulizi. Mteja wako yeyote unamuuliza nani atakaa nyuma. Mimi hujaniuliza. Kwenye gari mimi ni abiria. Kwa daktari wewe ndiye unayeongea. Nimeendesha tani sitini kwenye barafu, Merja, miaka thelathini, sijawahi kugusa hata nguzo. Sasa na ziwani pia nibebwe mbele kama kapu la mboga?”

Boti na kayaki vilikuwa vinagusana na kuachana. Merja anasema hapo ndipo ilipomtoka habari ambayo hakuwa amemwambia mtu, hata binti yao aliyeko Tampere.

Siku ile ya Februari alikuwa jikoni anakoroga uji wa shayiri, amempa Veijo mgongo. Alikuwa anamsimulia kisa cha mpishi mwenzake shuleni. Akamuuliza kama anataka siagi kwenye uji. Hakujibiwa. Akauliza tena. Hakujibiwa. Akasema, “Haya, nuna basi,” akaendelea kukoroga na kusimulia. Alipogeuka na bakuli, Veijo alikuwa sakafuni, midomo ina rangi ya bluu.

“Sijui niliongea muda gani,” alimwambia mumewe pale ziwani. “Dakika moja. Dakika tatu. Uko nyuma yangu unakufa, mimi nasimulia habari za mpishi. Ukikaa nyuma ndani ya kayaki, nitajuaje? Nitasikia maji tu. Sikuweki mbele kwa sababu wewe ni mzigo, mpumbavu mkubwa wewe. Nakuweka mbele nikuone.”

Veijo aliiweka fimbo chini. Kisha akajiinua kidogo, akalivuta jaketi kutoka chini ya makalio yake, akalivaa, akafunga mikanda yote mitatu.

“Samaki huyu ana kilo mbili,” akasema.

“Naona.”

“Nifunge kamba, unikokote nyumbani. Polepole. Ukienda mbio unanizamisha.”

Jumapili hiyohiyo walirudi bandani, wakaishusha ile ya haradali. Veijo akaketi mbele bila kuambiwa. Hakusema neno juu ya rangi, na Merja naye hakuuliza.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba mambo yalinyooka. Kwa mtu mwenye kilo tisini na nne mbele na mwenye sitini na sita nyuma, pua ya kayaki inazama na mkia unapanda, usukani unakamata hewa. Ilibidi mizigo mizito yote ihamie nyuma: maji ya kunywa, jiko la gesi, hema, makopo. Viti vilisogezwa mara tisa. Veijo alipiga kasia kwa kasi ya mtu anayechelewa kazini, kisha anaacha ghafla kuwasha sigara. Merja akawa anagonga kasia lake kwenye kasia la mumewe kila baada ya dakika.

Kuvua nako kulikuwa na ajali zake. Siku ya kwanza Veijo alirusha fimbo nyuma ya bega bila kutazama, na ndoana ikachukua kofia ya Merja, ikaipeleka ziwani mita ishirini.

“Ungekuwa umekaa mbele,” Veijo akasema, “isingetokea.”

Walifanya pia mazoezi ya kupinduka, kwenye maji ya kifuani, Ilpo akiwa karibu. Merja alijaribu kumrudisha mumewe ndani ya kayaki mara kumi na moja, na hakufanikiwa hata mara moja. Basi wakaweka masharti, naye Merja ameyaandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha chumba cha nyuma. Hawatoki upepo ukivuma. Hawaendi mbali na ukingo. Asiyelala vizuri au aliyeruka kidonge anabaki nyumbani. Veijo akianguka majini, Merja hamvuti. Anaingia naye, anashikilia kichwa chake juu, anapuliza filimbi. Simu iko kwenye mfuko usioingiza maji, shingoni mwa Merja.

“Wateja wangu wanauliza kayaki ipi ni salama,” anasema. “Hakuna kayaki salama. Kuna watu wenye masharti na watu wasio na masharti.”

Walitoka mara sita, za mchana tu, wakiwa na mkate mweusi, soseji na chupa ya kahawa. Mara ya saba ilikuwa katikati ya Julai.

Ziwa lilikuwa limelala. Walikuwa kwenye mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, Veijo anavua, Merja anaitunza kayaki isigeuke. Akaona fimbo inateleza kutoka mkononi mwa mumewe, inaingia majini, inazama. Veijo hakuifuata hata kwa macho. Kichwa chake kilikuwa kimegeukia kushoto, na mkono wa kulia unachezea mkanda wa jaketi, unachezea, unachezea.

Merja anasema hakuogopa, na hilo lilimshangaza. Aliweka miguu kwenye usukani, akaanza kupiga kasia kuelekea kwenye matete. Alikuwa anaongea njia nzima. “Nipo hapa. Nipo nyuma yako. Nipo hapa.” Yote haikuzidi dakika moja. Pua ya kayaki ilipogusa matope, Veijo akapumua kwa nguvu na kutazama mikono yake.

“Fimbo yangu iko wapi?”

“Imezama.”

“Imezamaje? Fimbo ya miaka ishirini! Umeigonga na kasia, sivyo?”

“Niliweka kasia magotini,” anasema Merja. “Nilikaa nikamtazama kisogo. Nikajisemea, mtu huyu ndiyo kwanza amerudi kutoka asikokujua, na jambo la kwanza ni kunigombeza.”

Alipomweleza kilichotokea, Veijo alikataa. Kisha akasema jambo ambalo Merja alijua litakuja.

“Imebaki miezi mitatu nipate leseni.”

“Najua.”

“Hakuna aliyeona.”

“Mimi si mtu?”

Wakarudi nyumbani. Siku tatu nyumba ile haikuwa na maneno. Veijo alikula peke yake, na kalenda ya friji ikabaki na alama zake nyekundu. Merja aliamua kutompigia daktari. Alimwambia mara moja tu, akiwa mlangoni na mabuti mkononi, kwamba hataliongea tena, lakini hatakaa ndani ya gari analoendesha yeye, na hatamruhusu mtoto wa mtu mwingine avuke barabara mbele yake.

Ijumaa mchana, akiwa bandani anasugua ukungu chini ya kayaki, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. “Nimempigia muuguzi. Wameongeza dozi. Kuhesabu kunaanza upya. Umefurahi?”

Hakufurahi hata kidogo. Anasema aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sifongo mkononi, akalia mpaka mteja mmoja akaondoka polepole kwa adabu.

Jioni hiyo alikuta Veijo ameibandua kalenda kwenye friji. Ameifungua ukurasa wa mwisho, wenye miezi ya mwaka ujao, akachora duara kwenye Julai. Mezani kulikuwa na viazi vipya vya kuchemsha, siagi na samaki wa kukaanga aliowanunua dukani, maana fimbo hakuwa nayo.

“Usiseme kitu,” akasema.

“Sijasema.”

“Nakuona unataka kusema.”

“Veijo, kula.”

Sasa ni mwisho wa Agosti. Wale wachumba wa Kuopio wamerudi kutoka kwenye boya wakiwa wamenuniana, wamelipia kukodisha kwa saa moja, na wamesema watafikiria. Merja anaivuta kayaki yao mchangani, anaipindua, anamwaga maji.

“Watakwenda kununua ya kukunja, mtandaoni,” anasema bila kinyongo. “Mwezi Mei wataniletea niizibe tundu.”

Kwa mara ya kwanza katika misimu kumi na tisa ameomba likizo kabla ya msimu kwisha. Ilpo amempa wiki ya pili ya Septemba. Yeye na Veijo wanakusudia kupiga kasia kisiwa kwa kisiwa siku tano, kulala huko mara nne. Veijo ameshanunua fimbo mpya, na anagombea kubeba kikaango cha chuma cha kilo tatu. Merja amekataa mara mbili. Anajua ya tatu atashindwa.

Linalomsumbua ni usiku. Mchana anamwona, hemani hatamwona. Tangu Februari ile hajalala usingizi wa kueleweka. Kila mumewe akikohoa, yuko macho. Muuguzi amempa Veijo kisaa cha mkononi kinachopiga kelele mwili ukitetemeka. Wamekijaribu wiki mbili. Kinapiga kelele Veijo anapopiga mswaki. Kinapiga anapopiga mayai kwa uma. Juzi kimepiga wakati anapigia makofi timu ya taifa kwenye televisheni, na Merja akaja mbio kutoka sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, na taulo tu.

“Kitanitoa roho kile kidude,” anasema. Anapangusa mikono kwenye suruali, anatazama ziwa, ambako ukungu wa asubuhi unamalizikia.

“Ila usiku hakijawahi kukosea,” anaongeza. “Kikinyamaza, kweli yuko salama. Basi mimi tumaini langu si kubwa. Sitaki kushika samaki, sitaki kuona machweo. Nataka tufike kisiwani, tule, nijifunge kwenye mfuko wangu wa kulalia mpaka puani. Nilale kama gogo. Niamke jua liko juu, nimsikie yule mtu huko nje anagombana na jiko la gesi.”